Matairi ya Kiangazi Njia ya Adaminaby

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye foleni ya sombe, kisamvu chetu, pale Cabramatta hapa Sydney, na wengine mmenifuata mpaka mlangoni: "Mama Byamungu, mlikwenda kuposa, ilikuwaje?" Niliwajibu wote kwamba tulirudi salama. Ni kweli, kurudi tulirudi. Kufika ndiko hatukufika. Sasa naandika yote mara moja ili mtu asiniulize tena. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe paa lilikuwa linavuja. Msitafute uzuri hapa.

Kabla ya kuondoka: kwa fundi, Liverpool

Mjukuu wangu Amani mnamjua. Ana miaka ishirini na saba, anaendesha foklifti kwenye ghala, na nimemlea mimi tangu baba yake afariki. Kijana hanywi, havuti, hela yake yote inaingia kwenye gari lake: jekundu, la milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda, likiwashwa mtaa mzima wa Fairfield unajua. Nalisema kwa majivuno, ndiyo. Nilitoka Fizi, Kongo, kwa miguu, leo mjukuu wangu ana gari ambalo Wazungu wanageuka kulitazama.

Alimpenda Sifa, binti anayetunza wazee hapa Liverpool. Wazazi wa Sifa wanakaa mbali, Adaminaby, juu kwenye milima ya theluji, kwa sababu baba yake anafanya kazi kwenye handaki la mradi wa umeme wa maji huko. Na babu yake, Mzee Alimasi, anakaa nao.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Mzee Alimasi namjua. Tulikuwa naye kambi ya wakimbizi Tanzania. Mwaka wa pili wa kambi, mimi na marehemu mume wangu tulikwenda kumposea mwanetu Byamungu, baba yake Amani, binti wa mzee huyo. Ilikuwa masika. Tulitembea kutoka upande mmoja wa kambi hadi mwingine, matope yametufika magotini. Mzee alitutazama miguu, kisha akawaambia watu wake, nasi tunasikia: "Hawa wamekuja na udongo wa barabara yote. Binti yangu akale udongo?" Tukarudi na mbuzi wetu wa posa.

Basi mtaelewa. Safari hii, miaka mingi baadaye, yeye mwenyewe alinipigia simu. Sauti imezeeka, lakini bado ya kuamrisha. "Mama Byamungu, watoto wamependana. Njoo wewe mwenyewe. Nina neno la kukuambia, na si neno la simu." Nikasema nitakuja. Moyoni nikasema: nitakuja, na utaitazama miguu yangu.

Ijumaa Amani akarudi nyumbani na gari nikadhani kaibiwa. Yale magurudumu yake mapana, meusi, yanayong'aa, yenye mstari mwekundu, hayapo. Badala yake kuna vitu vya kijivu vilivyochubuka, vyembamba, na matairi yenye meno kama ya trekta.

"Nini hii?"

"Matairi ya baridi, Nyanya. Nimeyanunua kwa mtu wa kazini. Huko juu kuna theluji."

"Nawe unataka niende kwa Alimasi nimekaa juu ya hii takataka?"

Nikamrudisha kwa fundi aliyemfungia, Liverpool, siku ileile, nami nikiwa kiti cha mbele. Fundi ni Mwarabu wa Iraki, mtu mzima, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alinieleza kwa upole, nami Kiingereza cha fundi nakielewa kwa sababu anaongea kwa mikono. Alichukua tairi la kiangazi akalibonyeza. "Mama, hili linapenda joto. Baridi ikizidi linakuwa gumu kama sahani. Sahani haishiki barabara." Kisha akabonyeza lile baya. "Hili linabaki laini. Na haya meno yanauma theluji. Rimu ndogo, tairi jembamba, ukuta mrefu. Baya, ndiyo. Lakini linarudi nyumbani."

Nikafikiri, nikapata wazo. "Basi weka mawili mazuri upande mmoja. Upande wa kushoto. Tukifika tutaegesha kushoto kukielekea nyumba yao."

Fundi alicheka mpaka akashika jeki asianguke. "Mama! Kushoto inateleza, kulia inashika, gari linazunguka kama mcheza ngoma! Yote manne au usiweke."

"Weka yote manne mazuri."

Akamtazama Amani. Amani akanitazama mimi. Kisha akasema, polepole, "Tunaweza kubeba haya ya baridi kwenye buti, tuyafunge Cooma kabla ya kupanda." Lakini buti la gari lile ni kama mfuko wa shati, na lilikuwa limekwisha kujaa vitenge, mchele na sufuria ya sombe. Nikasema chakula hakishuki. Fundi akafungua nati. Ilikuwa ni mimi. Sitaki mtu aseme ilikuwa barabara.

Fairfield hadi Goulburn

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tulitakiwa kufika saa sita mchana. Kwa desturi yetu mposaji hakanyagi kwa wakwe kabla wazee wake hawajatangulia kubisha, hivyo Amani alikuwa hajaiona nyumba ile wala mzee yule, ingawa yeye na Sifa walijuana mwaka mzima.

Watatu tulikuwa: mimi, Amani, na jirani yangu Mama Concilie, Mrundi, niliyemchukua awe shahidi na mtu wa kucheka pale maneno yakiwa magumu. Alikunjwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni.

"Mama Byamungu, hili gari limetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na mapaja?"

"Vumilia. Ni gari la heshima."

"Heshima imekaa mbele. Huku nyuma kuna mateso."

Barabara ilikuwa nzuri na nilifurahi, nakiri. Tuliruka Campbelltown, miji ikapungua, majani yakawa meupe kwa umande ulioganda. Goulburn kuna sanamu ya kondoo mkubwa kuliko kanisa letu. Hapo tulisimama Mama Concilie aende haja, na hapo tukapoteza muda. Wakati ule wa korona, mnakumbuka, huwezi kuingia mahali bila barakoa na bila kupiga picha kile kibandiko cha mlangoni kwa simu. Simu ya Mama Concilie ni ya vitufe. Binti wa kituo cha mafuta akasimama mlangoni, mkono mbele, amekataa.

"Mwambie," Mama Concilie akamwambia Amani, ameminya miguu, "hata Mungu hajawahi kuniandikisha kwa kwenda chooni!"

Amani akamwandikisha kwa simu yake, lakini simu ikamwandikisha Amani mara mbili, binti akaita mkubwa wake, mkubwa akaja na karatasi, kalamu ikasafishwa kwa dawa, jina lake likaandikwa vibaya, likafutwa. Nusu saa nzima. Mama Concilie alipotoka aliwagawia binti na mkubwa wake mandazi, wakayashika kwa ncha za vidole kama wanashika panya. Nadhani waliogopa ugonjwa. Mama Concilie alidhani hawapendi mandazi, akanuna mpaka Canberra.

Pale nje vijana wawili walikuwa wamechuchumaa wanatazama magurudumu yetu. Mmoja akasema kitu, Amani akatabasamu. "Wanasema yanapendeza, Nyanya." Nilikaa wima kitini kama malkia. Ningejua, ningewaachia wayachukue.

Goulburn hadi Cooma

Baada ya Canberra upepo ukawa mwingine. Miti michache, vilima vya mawe, kondoo wamegeuzia upepo makalio. Cooma tulifika saa sita, saa ile tuliyotakiwa tuwe tumekaa kwa wakwe. Kwenye mkahawa mmoja tulikula pai za nyama zenye moto wa kuunguza ulimi. Mama mwenye mkahawa, mnene, mwenye skafu ya sufu, akachungulia dirishani, akaliona gari, akauliza kama tuna minyororo.

"Minyororo ya nini?" nikamwuliza Amani. "Tumefungwa?"

"Ya kufunga kwenye matairi, Nyanya. Kwa theluji."

Yule mama akatoka nje kabisa, bila koti, akainama, akaligusa tairi kwa kidole. Akarudi akitikisa kichwa. Akasema kwamba njia ya Adaminaby imeanza kumwagiwa theluji tangu asubuhi, kwamba matairi haya ni ya Sydney, kwamba tungoje labda kesho. Amani akaniangalia.

"Nyanya, tuwapigie tuwaambie tutachelewa sana. Au tulale hapa."

"Aliyekwenda kuposa halali njiani. Twende polepole."

Mama Concilie alisema kutoka nyuma, "Twende polepole, lakini twende tukiwa hai, ego? Ndiyo?"

Cooma hadi mahali pasipo na jina

Mwanzoni ilikuwa kama unga unaopepetwa. Nilikuwa sijawahi kuona theluji karibu, nikasema ni nzuri. Kisha kioo kikawa cheupe, barabara ikawa nyeupe, na mlio wa gari, ule mngurumo ninaoupenda, ukafifia. Amani aliendesha kama anabeba mayai. Hakunifokea, hakunikumbusha fundi. 

Kulikuwa na mteremko, kisha kona. Hakukanyaga breki kwa nguvu, naapa. Gari lenyewe lilikataa. Lilienda tu, kimya, kama sabuni kwenye sahani yenye maji, kona ikaenda upande wake na sisi upande wetu. Nikasikia Mama Concilie akiita mama yake aliyekufa. Kisha kishindo.

Tulikuwa mtaroni, tumeinama kushoto. Hakuna aliyeumia. Sombe yote ilikuwa kichwani kwa Mama Concilie.

"Niko hai?" akauliza.

"Uko hai."

"Basi niondoleeni mboga."

Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limegonga jiwe la kalvati. Rimu imepasuka kama chungu, tairi limefungua mdomo. La nyuma nalo limekatwa ubavuni. Magari ya aina hii hayana tairi la akiba. Yana chupa ya gundi. Amani aliishika ile chupa, akaitazama, akairudisha.

Hazikupita dakika kumi akaja mkulima na pikapu. Mzee Mzungu, kofia imelowa, mbwa wawili mbele, nyuma kondoo mmoja mgonjwa amefungwa miguu. Akatuuliza tunakwenda wapi. Adaminaby? Yeye anakaa njia hiyohiyo, matairi yake yanapita popote, ni kama dakika ishirini na tano, tubanane tu. Aliwasogeza mbwa, akafungua mlango. Joto likatoka ndani, na harufu.

Nilimshukuru. Nikasema hapana.

"Nyanya!" Amani.

"Nifike kwa Alimasi nimekaa na mbwa? Nanuka kondoo? Hapana."

Mama Concilie alikuwa bado anatoa majani nyweleni. "Mama Byamungu, afadhali kufika na mbwa kuliko kutofika."

"Wewe hukuwepo siku ile ya matope. Usiniambie afadhali."

Simu ya Amani ikalia. Alikuwa baba yake Sifa, Amani akanipa. Akaniita kwa heshima, "Shikamoo, mama," akasema Sifa amepata ujumbe wa Amani kwamba tumepata shida, ana gari la kazini lenye minyororo, anakuja kutuchukua sasa hivi, chakula kiko tayari, mzee anatungoja.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana wengi wenu mngefanya kama mimi na nataka msifanye. Kwetu, wanaoposa hawabebwi na wanaoposewa. Ukibebwa, umekuja kama mzigo, na mzigo hauna sauti ya kuomba binti wa watu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Lakini sikuishia hapo. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka yote: "Baba Sifa, mwambie baba yako, mara ya kwanza tulikuja kwake na matope akatudharau. Safari hii tutakuja kwa gari letu, na magurudumu yetu, au hatuji. Wiki ijayo Jumamosi. Amengoja miaka yote hiyo, wiki moja haitamuua."

 Akajibu, "Sawa, mama." Akakata.

Mkulima alituvuta mtaroni kwa kamba, bila kutaka hata asante, akaondoka. Alikuwa ameshatuitia gari la kukokota, likatupeleka Cooma.

Kurudi

Fundi wa Cooma alifungua duka lake Jumamosi alasiri kwa ajili yetu. Saizi yetu hana, akasema saizi hiyo watu wa huku hawainunui. Alitafuta kwenye lundo akapata rimu kuukuu na matairi mawili yanayokaribiana, akafunga. "Mtafika Sydney polepole. Mlimani msiende." Gari la heshima likarudi likichechemea, magurudumu mawili ya malkia na mawili ya maskini.

Tukafika karibu na Goulburn. Hapo Amani akaniuliza, bila hasira, macho barabarani: "Nyanya, ndoa hii ni yangu au yako?"

Mama Concilie aliye nyuma akaanza kuokota majani ya sombe kwenye kiti. 

Jumatatu Amani alikwenda Liverpool, akafunga matairi yote manne ya baridi. Sikumzuia. Ilikuwa tuondoke Jumamosi. Jumamosi hiyo Sydney ikafungwa.

Hayo ya kufungwa mnayajua, tulikuwa wote. Helikopta juu ya Fairfield, askari mlangoni, foleni za kupimwa, Amani anaamka kwenda kazini na karatasi ya ruhusa mfukoni. Wakasema majuma mawili. Yakawa miezi. Gari lilisimama nje na matairi yake yenye meno, jua likaanza kuwa kali, na mimi kila asubuhi nikifungua pazia nayaona.

Nilikuwa na simu. Hili ndilo linaloniamsha usiku. Ningeweza kumpigia Mzee Alimasi siku yoyote. Nilijiambia yeye ndiye mwenye neno, na amesema si neno la simu, basi tusubiri. Kweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu ilivaa nguo za desturi. Mwezi wa tisa Sifa alikuja akasimama nje ya mlango wetu, mita mbili kama ilivyotakiwa, barakoa imelowa machozi. Akasema mzee amefariki hospitali ya Cooma. Si korona, ni sukari na figo. Mazishi tuliyaona kwenye simu ya Amani. Upepo ulikuwa unapuliza kwenye spika, sikusikia hata jina lake likitajwa.

Adaminaby, mara ya pili

Njia zilipofunguliwa, mwezi wa kumi na moja, tulikwenda. Fundi wa Liverpool alikuwa amerudisha yale ya kiangazi, mawili yakiwa mapya, na safari hii yalikuwa sahihi, barabara ina joto na ni kavu. Kule kuna sanamu ya samaki mkubwa katikati ya mji, mji wenyewe hauna ziwa la kuonekana. Mama Concilie alisema samaki yule amepotea njia kama sisi.

Walitupokea vizuri. Hakuna aliyetazama magurudumu. Maneno ya posa niliyasema, sauti ikanikatika katikati, Mama Concilie akanimalizia. Binti alikubaliwa. Ndoa itakuwepo, Mungu akipenda, nanyi mtaalikwa.

Baada ya chakula nilimwomba baba yake Sifa anitoe nje kidogo. Tukasimama kwenye kibaraza, penye kiti cha mbao na blanketi limekunjwa juu yake. Nikamwuliza, "Mzee alitaka kuniambia neno gani?"

"Msamaha, mama. Wa siku ile kambini. Alisema mambo ya uso kwa uso hayaombwi kwa simu." Akakigusa kile kiti. "Lakini uso wako asingeuona. Macho yalikuwa yamekwisha, karibu miaka miwili. Sukari. Alitukataza tusiwaambie, hata Sifa asimwambie Amani. Siku ile alivaa suti tangu asubuhi, akakaa hapa kwenye baridi. Sifa alimwambia gari lenu linanguruma, basi kila gari lililopita anainua kichwa: 'Ni wao?' Nasema, hapana, baba."

Nikasema, "Na ulipompa maneno yangu?"

 Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya lile blanketi.

"Sikumpa, mama. Ni yeye aliyesema nikupigie, nije kuwachukua. Simu ilikuwa mkononi mwake, kwenye spika. Alikusikia mwenyewe. Akasema, 'Ana haki.' Halafu akainua mkono, nimwongoze ndani."